Tafuta kwa Maneno ya Aliyeandika

Jumamosi moja niliwaandikia ubaoni wanafunzi wa kidato cha tatu swali fupi: mkonge ulifikaje Tanga? Walikuwa 28, kompyuta zilikuwa sita, na intaneti ilitoka kwenye simu yangu, bando la siku nililonunua asubuhi ile nikitoka Ngamiani. Baada ya nusu saa nikakusanya madaftari. Madaftari 26 yalikuwa na aya ileile. Nililijua hilo kwa sababu ukurasa walioukuta ulikuwa na kosa la kuchapa, "Wajeumani" badala ya "Wajerumani", na kosa hilo lilikuwa limenakiliwa kwa uangalifu, kwa hati 26 tofauti.

Hawa ni watoto wa Tanga. Wengine wanatokea upande wa Pongwe na Muheza, wakija shule wanapita katikati ya mashamba ya mkonge. Wengine wamelelewa na wazee walioukata. Lakini walipokaa mbele ya kompyuta waliandika sentensi niliyoiandika mimi ubaoni, neno kwa neno, wakafungua ukurasa wa kwanza uliojitokeza, wakanakili. Siwezi kuwalaumu. Sisi walimu tumezoea kusema "kaangalieni Google" kama tunavyosema "kachoteni maji", kana kwamba kisima kiko wazi na kilichobaki ni ndoo tu. Hakuna aliyekaa nao akawaonyesha kinachotokea mtu anapobonyeza kitufe kile, wala kwa nini maneno anayochagua ndiyo yanayoamua atakachokipata.

Basi tuanzie hapo. Wengi wanadhani ukiandika swali, injini ya kutafuta inakwenda mbio duniani kote kukuulizia. Kazi hiyo ilikwisha kufanyika kabla hujawasha kompyuta. Kuna programu zinazopita kurasa za mtandao mchana na usiku, zikifuata viungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, zikisoma na kuandika faharasa. Chukua kitabu cha Biolojia, fungua kurasa za mwisho kabisa: "figo, uk. 41, 87, 112". Faharasa ya Google ni ndugu ya ile, ila ni ya mabilioni ya kurasa. Ukiandika "mkonge", mashine inafungua faharasa yake mahali penye neno hilo na kukuletea kurasa zinazohusiana nalo.

Zinapangwaje? Larry Page na Sergey Brin, walioanzisha kampuni ya Google mwaka 1998, walikuja na wazo kwamba kiungo ni kama kura: ukurasa unaoelekezewa viungo na kurasa nyingi, hasa kurasa ambazo nazo zinaelekezewa na nyingi, hupanda juu. Siku hizi vigezo vimeongezeka sana, na mashine inajitahidi kukisia maana hata kama maneno hayafanani. Lakini asili yake haijafutika. Mara nyingi ukurasa wa kwanza ndio unaotajwa na kuelekezewa zaidi. Ukweli wake unabaki kuwa kazi yako kuupima.

Kwa Kiswahili kuna ugumu wa ziada ambao walimu wenzangu hawautaji vya kutosha. Kwanza, kurasa zetu ni chache. Pili, lugha yetu inabeba mambo mengi ndani ya kitenzi kimoja. Mwanafunzi akiandika "walivyoulima", anatafuta umbo ambalo labda kurasa tatu tu duniani zinalo, wakati habari anayoitaka iko kwenye ukurasa ulioandikwa "kilimo cha mkonge" au "wakulima wa mkonge". Kwa hiyo nawafundisha kushusha sentensi mpaka kwenye nomino zake, kisha wajaribu umoja na wingi, na visawe. Mkonge kwa wengine ni katani. Anayetafuta kwa jina moja tu amefunga mlango mmoja wa nyumba yenye milango miwili.

Halafu kuna maneno yenye maana nyingi. Jina la mji wetu lenyewe ni mfano. Tanga ni mji na mkoa, ni kitambaa cha jahazi, na katika lugha kadhaa za Ulaya ni aina ya nguo ya ndani. Mwalimu atakayewaambia wanafunzi watafute picha kwa neno "tanga" peke yake atajuta. Neno haliendi peke yake, liende na jirani yake: "Tanga bandari", "tanga jahazi", "Tanga 1914".

Jumamosi ile, baada ya kurudisha madaftari, niliuliza kama kuna anayejua neno lolote la mashamba ya mkonge ambalo halikuwemo kwenye swali langu. Kimya. Kisha binti mmoja aliyekaa nyuma akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, babu yangu alikuwa manamba."

Manamba. Nusu ya darasa hawakuwahi kulisikia. Ni jina la vibarua waliosajiliwa mbali, Songea, Kigoma na kwingineko, wakaletwa kwa mkataba kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, kila mmoja na namba yake. Nikamwomba aje aandike neno hilo kwenye kompyuta, liwe karibu na "mkonge". Darasa zima likasogea. Hakukuwa tena na ile aya yenye "Wajeumani". Zilikuja kurasa za historia ya wafanyakazi, makala ya gazeti, na nyaraka za wasomi waliolitumia neno hilohilo la Kiswahili katikati ya Kiingereza chao, kwa sababu halina tafsiri inayolitosha. Binti alisimama pale akiwa na mkono kwenye kipanya, akisoma habari zinazofanana na alizozisikia barazani kwao.

Hapo ndipo nilipoona ni kitu gani hasa tunachopaswa kufundisha. Kutafuta mtandaoni ni kukisia: nani alikwisha kuliandika jambo hili, aliliandika lini, akimwandikia nani, na yeye alikuwa analiita jina gani? Swali lako limo kwa maneno yako. Jibu limo kwa maneno yake. Ubunifu wote wa kutafuta upo katika kuvuka kutoka upande mmoja hadi wa pili.

Kazi ya nyumbani ya wiki ile haikuhitaji intaneti wala bando. Kila mmoja alete maneno matatu ya mkonge kutoka kwa mtu aliyemzidi umri. Jumamosi iliyofuata ubao ulijaa. Kulikuwa na kipande, ile kadi ambayo siku za kazi zilihesabiwa mpaka zitimie 30. Kulikuwa na singa, yaani nyuzi zenyewe. Kulikuwa na silabu, na wengi walidhani ni ya Kiswahili cha darasani, ile ya "ma-na-mba", kumbe ni SILABU, ofisi ya wenye mashamba iliyokuwa ikiandikisha vibarua tangu miaka ya 1940, jina lake likiwa kifupi cha maneno ya Kiingereza. Na kulikuwa na korona.

Kwa hili la korona tulikaa karibu saa nzima, na naliona ndilo somo zuri kuliko yote niliyowahi kufundisha. Korona ni mashine ya kuchakata jani la mkonge na kubakisha singa. Jina limetokana na la mashine yenyewe, Corona, na wafanyakazi wa mashambani wamelitumia kwa miongo mingi. Kijana aliyelileta akaliandika peke yake. Skrini nzima ikajaa ugonjwa: barakoa, chanjo, vifo. Nikawauliza tufanyeje. Mmoja akasema tuongeze "mkonge". Ikasaidia sana. Mwingine akasema tuongeze "singa", kwa sababu mtu anayeandika habari za ugonjwa hawezi kutaja singa. Nilitamani kumkumbatia. Alikuwa ameshaacha kufikiria swali, anamfikiria mwandishi. Nami nikawaonyesha njia mbili za mashine yenyewe: alama ya kutoa ikibandikwa mbele ya neno, kama -ugonjwa, huondoa kurasa zenye neno hilo, na kuandika before:2019 huleta kurasa za kabla ya mwaka huo, wakati ambao korona ya hapa kwetu ilikuwa bado ni mashine tu.

Alama nyingine nazitaja haraka, kwa sababu zinafundishika kwa dakika kumi na walimu wengi huishia hapo wakidhani wamemaliza. Alama za kunukuu hushika maneno kwa mpangilio wake. Ukiandika site:go.tz unabaki kwenye tovuti za serikali ya Tanzania, na site:ac.tz kwenye vyuo. Ukiandika filetype:pdf unapata ripoti na vitabu badala ya kurasa za matangazo. Na ukishafungua PDF ya kurasa 200, bonyeza Ctrl na F, uandike neno lako, usiisome yote. Kwa anayenunua bando hili lina maana ya fedha kabisa: kurasa kumi zilizofunguliwa bila mpango zinakula MB ambazo zingetosha kupakua ripoti nzima.

Lakini alama hazimsaidii mtu asiye na neno. Turudi kwenye maneno.

Wakati hubadilisha majina. Mwanafunzi mmoja alitaka nyaraka za Wajerumani kuhusu Lushoto, akaandika "Lushoto" na mwaka 1905, akapata hoteli. Wajerumani wa wakati ule hawakuita Lushoto, waliita Wilhelmstal. Nchi nzima waliita Deutsch-Ostafrika, na Waingereza waliofuata wakaiita Tanganyika Territory. Mwingine alitafuta kumbukumbu za askari wa Kiingereza waliopigana Tanga mwezi Novemba 1914, akatumia maneno "Vita ya Kwanza ya Dunia" kwa Kiingereza. Nikamuuliza: aliyeandika barua mwaka 1915 angejuaje kwamba ile ilikuwa ya kwanza? Alinitazama kidogo, kisha akacheka. Waingereza wa wakati ule waliiita Great War, Vita Kuu basi, na anayezitafuta barua zao aandike hivyo.

Lugha nayo ni mlango. Kuna picha nyingi za Tanga ya miaka ya 1900 kwenye hifadhi za Ujerumani, zilizowekwa mtandaoni bure, na maelezo yake ni ya Kijerumani. Huhitaji kukijua Kijerumani. Unahitaji neno moja, kwa mfano Sisalplantage, yaani shamba la mkonge, uliandike pamoja na Tanga, kisha utazame. Na kwa mimea na wanyama kuna jina lisilobadilika lugha kwa lugha. Mkonge ni Agave sisalana kwa mwandishi wa Brazili, wa China na wa Mlingano. Silikanti, yule samaki wa kale aliyefanya bahari yetu itengewe hifadhi mwaka 2009, ni Latimeria chalumnae popote ulipo.

Namba adimu ni bora zaidi. Kituo cha utafiti cha Mlingano kule Muheza kilizalisha mkonge chotara unaojulikana kama 11648. Mwanafunzi akiandika "mkonge bora" anapata kila kitu na hapati kitu. Akiandika 11648 pamoja na neno agave, anaingia moja kwa moja kwenye mazungumzo ya wataalamu duniani. Tarakimu tano zile ni kama alama ya kidole.

Mwaka 1989 Marcia Bates, msomi wa Marekani wa elimu ya maktaba na habari, alieleza jambo hili kwa mfano wa kuchuma matunda ya porini. Alisema mtu halisi hatafuti mara moja akapata jibu kamili. Anapata kidogo hapa, na kile alichopata kinambadilishia swali, anasogea kichaka kingine, anapata kidogo tena. Watoto wa hapa wanaelewa haraka ukiwaambia habari ya zambarau: hakuna anayejaza kikapu chini ya tawi moja. Kwa hiyo kila mwanafunzi wangu ana daftari la njia. Upande wa kushoto anaandika alichokiandika kwenye kisanduku, kulia anaandika neno jipya alilolikuta. Natoa alama nyingi zaidi kwa daftari hilo kuliko kwa jibu la mwisho. Nakumbuka ukurasa wa kijana mmoja: mkonge ulifikaje Tanga, mkonge 1893, Hindorf, Hindorf Florida, Sisalagave. Hatua tano, na kila moja imezaliwa na iliyotangulia.

Hatua hizo ndizo zilizomfikisha kwenye habari kwamba Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, ikapitia Hamburg, na ilipofika Tanga ilikuwa imebaki hai 62. Wakati huohuo rafiki yake akawa amepata simulizi nyingine, tamu zaidi: kwamba miche iliibwa Mexico, nchi ya asili ya mkonge, ikafichwa tumboni mwa mamba aliyekaushwa. Darasa zima lilimpenda mamba. Nani asingempenda?

Sikuwaambia ipi ni ipi. Niliwaomba waifuate kila simulizi nyuma, kijitoni kuelekea chemchemi. Ya mamba ilipatikana kwenye kurasa kadhaa za utalii, zote zikisema "inasemekana", hakuna hata moja yenye jina la mtu, mwaka au meli, na sentensi zake zilifanana kiasi cha kuonyesha kwamba zinanakiliana. Ile ya miche 62 ilikuwa na jina, mwaka, njia na hesabu, na iliwafikisha kwenye maandishi ya watu wa fani ya mkonge wenyewe. Kurasa kumi zilizonakiliana ni shahidi mmoja. Wanafunzi wangu walilielewa hilo vizuri, maana siku chache nyuma wao wenyewe walikuwa madaftari 26 na shahidi mmoja.

Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwahi kuwapa watu 45 kazi ya kupima tovuti: wanahistoria 10, wahakiki wa habari 10, na wanafunzi 25 wa chuo hicho. Wanahistoria na wanafunzi wengi walibaki ndani ya tovuti, wakaisoma juu hadi chini, wakavutiwa na nembo na mpangilio mzuri. Wahakiki walikaa kidogo tu, wakaiacha, wakafungua madirisha mengine kuuliza wengine wanasema nini kuhusu tovuti hiyo. Walimaliza mapema na walipatia zaidi. Ni sawa na mtu anayeletewa posa: hamhoji mposaji peke yake, anatuma watu wakaulize mtaani kwao.

Kuna mtego mmoja ambao hata watu wazima tunanaswa nao, nao ni swali lililobeba jibu lake. Uzalishaji wa mkonge nchini ulipita tani 200,000 kwa mwaka katika miaka ya 1960, na mwishoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa umeshuka hadi karibu tani 20,000. Kwa nini? Kundi moja liliandika maneno ya kutaifisha mashamba na Azimio la Arusha la 1967, wakarudi na hakika kwamba siasa ndiyo iliyouangusha. Kundi la pili liliandika kamba za plastiki na bei ya mkonge, wakarudi na hakika kwamba plastiki ndiyo iliyouangusha, na kwamba bei ilianza kuporomoka katikati ya miaka ya 1960, kabla ya Azimio. Kila kundi lilipata lilichopanda. Sasa sharti ni kwamba kila swali la "kwa nini" litafutwe mara mbili, mara ya pili kwa maneno ya mtu anayekubishia.

Tarehe nayo iangaliwe. Idadi ya watu wa mkoa wa Tanga kwa sensa ya 2012 ilikuwa 2,045,205, na kwa sensa ya 2022 ni 2,615,597. Kurasa nyingi bado zina ile ya kwanza, bila kutaja mwaka.

Na akili mnemba? Wanafunzi wanaitumia, na simkatazi mtu. Lakini nawapa kazi moja ya kuipa: iwape maneno. "Mabaharia, wataalamu wa kilimo na wanahistoria wangeliitaje jambo hili, kwa Kiswahili, Kiingereza na Kijerumani?" Hapo inasaidia kweli. Ikitoa jibu lenye kitabu na mwandishi, watafute kitabu hicho kwanza, kwa sababu mashine hizi hutunga hata majina ya vitabu ambavyo havijawahi kuandikwa.

Yule binti wa manamba hakuacha. Babu yake mzaa mama, aliyetoka Kigoma akiwa kijana na sasa amepita miaka themanini, alimwimbia wimbo waliokuwa wakiuimba ndani ya treni kuja huku. Aliandika mstari wa kwanza ndani ya alama za kunukuu. Hakuna kilicholingana. Akaondoa alama, akabadilisha tahajia, akaongeza "manamba", akaongeza "treni". Akajaribu neno moja la Kiha lililokuwa katikati. Hakuna. Alipaona pale mahali patupu kwenye skrini, akaniuliza kama amekosea wapi.

Nilipitia daftari lake la njia, majaribio tisa. Hakuwa amekosea popote. Wimbo ule hakuna aliyeuandika bado.

Tumepanga kwenda Jumapili hii, watu wanne na simu moja yenye chaji. Babu ametuma salamu kwamba tufike baada ya swala ya adhuhuri, tuje na kalamu pia, na tusichelewe, kwa sababu haimbi mara mbili.